Kutoka Dodoma kwenda Kigoma, Tabora au Mwanza kwa treni: ulipie kitanda au kiti kinatosha?

Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wakazi wengi wa hapa wameshasahau kwamba nchi hii ina treni yenye vitanda. Siwalaumu. Kwa anayekwenda Dar es Salaam kitanda hakina kazi tena. Treni ya umeme inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na 15,500 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Unaondoka alfajiri, unamaliza mambo yako Kariakoo, jioni unageuza. Zamani aliyekata kitanda cha treni kutoka Dar kuja huku alikuwa amepanga gesti inayotembea: analala, anaamka Dodoma. Sasa usiku huo hauhitajiki, iwe umepanda ile ya kawaida au mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka.

Kenya walipofungua SGR yao mwaka 2017, treni ya kulala ya Nairobi na Mombasa ilikufa moja kwa moja. Sisi bado tunayo, kwa sababu kuelekea magharibi reli mpya haijaisha. Kipande cha Makutupora hadi Tabora ni kilomita 368, Tabora hadi Isaka 165, Isaka hadi Mwanza 341, Tabora hadi Kigoma 506, ukijumlisha na njia za kupishania treni. Mpaka vipande hivyo vikamilike, anayetoka Dodoma kwenda upande huo kwa reli anapanda treni ya reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914.

Huko ndiko swali la kitanda lina maana, na huko ndiko watu wanapoteza hela kwa njia mbili zilizo kinyume. Mmoja analipia kitanda halafu anakaa juu yake mchana kutwa akitazama mbuga. Mwingine anajibana kwenye kiti usiku kucha, anafika amevimba miguu, na kile alichokiokoa anakilipa gesti ili alale mchana. Wakwe zangu wako mkoa wa Kigoma, kwa hiyo mahesabu haya nayafanya kila likizo ya watoto, na nimeona kwamba swali la daraja la kwanza au la pili ndilo la mwisho kuuliza. La kwanza ni hili: giza linakukuta wapi?

Giza linakukuta wapi

Kwa ratiba za miaka mingi, treni inayotoka Dar es Salaam huondoka jioni au usiku, ikapita Dodoma siku ya pili asubuhi au mchana, ikafika Tabora jioni au usiku, na Kigoma ikaingia siku ya tatu. Saa zenyewe hubadilishwa mara kwa mara, ila mpangilio ndio huo. Kutoka Dodoma hadi Tabora ni karibu kilomita 400, na kutoka Tabora hadi Kigoma karibu nyingine 400. Maana yake, nusu ya kwanza ya safari yako ni ya mchana na nusu ya pili ni ya usiku.

Kurudi nako ni vilevile, ila kwa kugeuza. Ukipanda Kigoma jioni, usiku unakuishia Tabora, halafu unashinda mchana mzima mpaka Dodoma. Kwa abiria wa Dodoma, basi, kitanda kina kazi zaidi magharibi ya Tabora, uwe unakwenda au unarudi.

Hapo kuna tahadhari moja, tena kubwa. Treni ikichelewa, usiku nao unahama. Njia ni moja, treni zinasubiriana kwenye stesheni ili zipishane, na treni iliyokosa zamu yake inaendelea kukosa zamu mbele. Wakati wa mvua, hasa Desemba hadi Aprili, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kina historia ndefu ya tuta kusombwa na maji. Wewe wa Dodoma hukipiti kipande hicho, lakini treni unayoisubiri inakipita. Iliyotakiwa kufika saa tano asubuhi ikiingia saa mbili usiku, kile kiti cha bei nafuu cha kwenda Tabora kinageuka kuwa mahali pa kukeshea. Kiangazi ningekata kiti mpaka Tabora bila kufikiri mara mbili. Machi siwezi.

Vyumba vyenyewe

Daraja la kwanza ni chumba cha watu wawili, kitanda kimoja juu ya kingine. Daraja la pili kulala ni chumba cha watu sita, vitanda vitatu kila upande. Daraja la pili kukaa ni viti. Daraja la tatu nalo ni viti, na huko ndiko kuna msongamano wa watu, madumu, ndoo za kuku na watoto waliolala chini ya miguu ya watu wazima. Kuna pia treni ya Deluxe, ambayo haisimami vituo vingi na nauli yake iko juu. Nauli zote zinadhibitiwa na LATRA na zinaandikwa stesheni, kwa hiyo zichukue dirishani siku unapopanga safari, usitegemee bei ya kusimuliwa.

Tofauti ya daraja la kwanza na la pili kulala ni idadi ya watu. Kulala utalala kote kuwili, kwa urefu uleule, kwenye mtikisiko uleule. Unacholipia zaidi ni kutosikia wanne wengine wakikoroma, na kuwa na mahali pa kuweka begi bila kuomba samahani. Kwa mtu anayesafiri peke yake na anataka kubana matumizi, daraja la kwanza silioni. Chumba cha wawili na mgeni mmoja usiyemjua hakina faragha kama watu wanavyodhani. Mkikosa kuelewana, hakuna wa tatu wa kusuluhisha.

Daraja la pili, kwa upande mwingine, wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, labda mmekata chumba chote. Kwa mwanamke anayesafiri mwenyewe hilo ni jambo la thamani ambalo halionekani kwenye nauli. Ukiwa na wanawake wengine watano chumbani, mmoja akienda msalani wapo wa kumwangalizia mkoba na mtoto. Kwenye kiti cha daraja la tatu huna uhakika huo, na kwenye basi la usiku jirani yako ni yeyote aliyepangiwa na tiketi.

Kuhusu kitanda kipi, bei ni moja, hivyo chagua kwa akili. Mchana kitanda cha kati kinakunjwa ili wote sita wapate pa kukaa kwenye vile vya chini. Aliyepewa cha chini anageuzwa kuwa mwenyeji wa kila mtu tangu Dodoma hadi watu wanapoamua kulala. Aliyepewa cha kati hana kitanda kabisa mpaka usiku. Wa juu peke yake ndiye anayeweza kujinyoosha saa nane mchana bila kumsumbua mtu. Ubaya wake ni joto: Oktoba na Novemba jua la Bahi na Kintinku linapiga paa la chuma na wewe uko chini yake tu. Mzee au mama mjamzito apewe cha chini, hilo halina mjadala. Sisi wengine tuombe cha juu.

Dodoma hadi Tabora

Hapa siwezi kukitetea kitanda, ukiacha msimu wa mvua niliousema. Kiti cha daraja la pili kinatosha. Ni safari ya mchana yenye kuona mambo: mashamba ya mpunga ya Bahi, kisha treni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni, kisha vichaka vya Itigi vinavyokwenda saa nzima bila kubadilika. Daraja la tatu ni nafuu zaidi, lakini nafuu yake inategemea unapandia wapi. Aliyepanda mwanzo wa safari ana kiti. Wewe wa Dodoma unaingia behewa lililokwisha kujaa, na kusimama mpaka Manyoni si jambo la ajabu. Kwa tofauti ndogo ya nauli, nenda daraja la pili kukaa.

Mshindani wa kweli wa treni hapa ni basi, kwa sababu barabara ya Manyoni, Itigi hadi Tabora ni lami. Basi la asubuhi linakufikisha jua lingalipo. Treni inaweza kukushusha Tabora saa nne usiku, na hapo unahitaji gesti. Ongeza gharama hiyo kwenye nauli ya treni kabla hujasema treni ni rahisi. Kama una mtu wa kukupokea mjini Tabora, treni inashinda kwa bei. Kama huna mtu, basi linashinda, hata likiwa na nauli kubwa zaidi.

Dodoma hadi Kigoma

Hii ndiyo safari ambayo kitanda kinajilipa. Fanya hesabu hivi: chukua nauli ya daraja la pili kulala, toa nauli ya daraja la pili kukaa, halafu tofauti hiyo ilinganishe na gesti ya kawaida unayoweza kulala bila kuogopa. Tuseme gesti ni elfu ishirini. Ikiwa tofauti ya kitanda na kiti iko chini ya elfu ishirini, aliyekata kiti hajaokoa kitu, kwa sababu usiku wa kuanzia Tabora, Urambo, Kaliua mpaka Uvinza ni usiku ambao mwili utaudai. Ukifika Kigoma mjini na bado unatakiwa uunganishe gari la Kasulu au Kibondo, au ukashughulikie mzigo sokoni, utaona deni hilo linavyolipwa.

Ujanja wanaoutumia wengine ni kukata kiti mpaka Tabora, halafu wabahatishe kitanda kuanzia hapo. Tabora abiria wengi wanashuka, na ndipo treni inapogawanyika, mabehewa ya Mwanza yakaelekea kaskazini na ya Kigoma magharibi, kwa hiyo vitanda huachwa wazi. Anayefanya hivyo amwone mkaguzi wa tiketi mapema, kabla treni haijaingia Tabora, alipe nyongeza na apewe risiti. Bila risiti usitoe hela; umelipia zawadi ya mtu, na mkaguzi wa zamu inayofuata atakudai upya. Mimi bahati nasibu hii nisingeicheza Desemba wala nikiwa na mtoto. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye begi moja mgongoni anaweza kuicheza mwezi wa tano na akaishinda.

Kuna njia ya wanafunzi iliyo bora kuliko hiyo. Wanaume sita au wanawake sita wanaokwenda Kigoma siku moja wakikata tiketi pamoja, wanapata chumba kizima cha daraja la pili bila kuongeza hata senti. Mnakuwa na faragha ya daraja la kwanza kwa nauli ya la pili, mizigo iko salama, na mnaweza kupiga stori mpaka usiku wa manane bila kukaripiwa. Kundi la WhatsApp la wana-Kigoma chuoni linatosha kuwakusanya sita.

Basi la Kigoma nalo lipo, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, linaweza kukufikisha haraka kuliko treni. Mtu mwenye siku mbili za ruhusa kazini apande basi. Kitanda cha treni kitamlia likizo yote. Zaidi ya hapo, treni haipiti kila siku. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa akaja Dodoma siku isiyo ya treni, akalala gesti akiisubiri, ameshakula akiba aliyokuwa akiitafuta. (Wa Mpwapwa hata hana haja ya kuja mjini. Stesheni yake ni Gulwe, na treni inapita huko kabla ya kufika kwetu.) Treni inashinda kwa mtu mwenye mzigo, mwenye mgonjwa anayehitaji kunyoosha mgongo, na mwenye watoto.

Ukiwa na familia

Hapa ndipo watu wanapopigwa, kwa sababu wanahesabu nauli ya kichwa badala ya kuhesabu vyumba.

Mke na mume wakikata daraja la pili kulala kawaida, watatenganishwa: mama chumba cha wanawake, baba chumba cha wanaume. Kwa usiku mmoja wengine hawajali, na ni kweli ndiyo njia rahisi kuliko zote. Wakitaka kuwa pamoja, wana njia mbili: daraja la kwanza, nauli mbili, chumba chao, au kununua chumba chote cha daraja la pili, nauli sita. Kwa wawili, daraja la kwanza litakuwa nafuu isipokuwa nauli yake iwe imezidi mara tatu ya daraja la pili. Hawa wasipoteze muda, wakate la kwanza.

Watu wanne hesabu inabadilika. Nauli nne za daraja la kwanza zinalingana na nauli sita za daraja la pili pale ambapo la kwanza ni mara moja na nusu ya la pili. Likizidi hapo, chumba kizima cha pili ni nafuu, na mnabaki na vitanda viwili vya ziada vya kuwekea mabegi na kikapu cha chakula. Likiwa chini ya hapo, la kwanza ni nafuu, lakini mtagawanyika vyumba viwili, kila mzazi na mtoto wake. Wenye watoto wadogo wanaoamka usiku wakimtaka mama, mjue mnachokichagua.

Watano hesabu inaelemea upande mmoja. Nauli sita za pili dhidi ya tano za kwanza: daraja la kwanza litashinda tu kama limezidi la pili kwa pungufu ya sehemu moja ya tano, tena bado mmoja wenu atalala na mgeni. Watano wachukue chumba cha sita. Na kama kuna shangazi au binamu anayekwenda upande huo, kitanda cha sita mpe yeye akilipie, nanyi mmelipa nauli zenu tu.

Watoto wa nusu nauli wana swali lao, na uulize dirishani kabla hujatoa hela: nusu nauli hiyo inampa mtoto kitanda chake, au analala na mzazi? Mtoto wa miaka mitano kulala na mama kwenye kitanda cha treni inawezekana. Wa miaka kumi na moja mwenye miguu mirefu, mtakesha wote wawili.

Dodoma hadi Mwanza, na Mpanda

Mwanza siwashauri kitanda, na kwa ujumla siwashauri treni. Basi linapita Singida, Nzega na Shinyanga, njia iliyonyooka, na ukiondoka alfajiri unafika siku hiyohiyo. Treni inazunguka mpaka Tabora kwanza, kisha inapanda karibu kilomita 380 kupitia Isaka na Shinyanga. Unalipia usiku ambao basi halikudai. Anayeshuka Isaka au Malampaka na mzigo mkubwa ana sababu yake. Wengine ni mapenzi ya treni tu, nami siwezi kuyasemea.

Mpanda, njia inachepukia Kaliua, na safari ni ndefu kuliko ramani inavyoonyesha kwa sababu ya kusubiri mabehewa yakatwe na kuunganishwa. Kata kitanda, chukua na chakula cha akiba.

Wapo wanaoniuliza kuhusu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwenda Mbeya, kwa kuwa wamesikia daraja la kwanza la huko lina vitanda vinne na la pili sita. Ni kweli, ila kutoka Dodoma hakuna hesabu inayokubali uende Dar es Salaam kwanza, wakati barabara ya Iringa iko wazi. Hiyo ni treni ya watu wa Dar, Mlimba na Makambako.

Ndugu wanaotoka Dar

Wanaopita Dodoma wakienda Kigoma wanajiuliza kama waje kwa SGR, halafu wapande treni ya vitanda hapa. Kwa muda wanaokoa usiku mzima wa njiani. Kwa hela inategemea muunganiko. Stesheni ya SGR na ile ya zamani ya mjini si jengo moja, kwa hiyo kuna bajaji au bodaboda katikati, na mizigo ikiwa mingi ni bajaji mbili. Kama treni ya magharibi inapita mchana na SGR ya asubuhi imekushusha mapema, ni mpango mzuri. Ikibidi ulale Dodoma, afadhali ungekata kitanda kimoja tangu mwanzo wa safari. Mwenye ndugu Chang'ombe au Kikuyu wa kumlaza bure, hilo halimhusu.

Vinavyokula akiba njiani

Chakula kwanza. Safari ya saa ishirini na nne ina milo mitatu, na behewa la chakula lina bei ya behewa la chakula. Njia ya kati ni kubeba mlo wa kwanza kutoka nyumbani, kununua wa pili stesheni, na kuagiza chai tu ndani. Saranda inajulikana na kila msafiri wa reli hii kwa kuku wake. Wauzaji wanakimbilia madirishani na masinia kabla treni haijasimama sawasawa. Uliza bei ukiwa umeshika hela ndogo mkononi. Noti ya elfu kumi na treni inayoanza kuondoka ni mchanganyiko mbaya. Maji beba mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu chupa ya dukani inapanda bei kila stesheni unayoiacha nyuma.

Shuka na kanga mbili ziwemo kwenye begi la mkononi hata kama umeahidiwa matandiko. Juni na Julai, Manyoni na Itigi usiku kuna baridi ya kweli. Uwanda huo uko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na dirisha la behewa halifungi kama la nyumbani.

Dirisha hilo ndilo linaloweza kukupotezea zaidi ya nauli yote. Usiku, kwenye stesheni zenye giza, mkono unaingia, simu inatoka. Kuna kipande cha ubao kinachokaa pembeni ya dirisha, na wageni hudhani ni takataka. Katika safari moja mama mtu mzima aliyekuwa kitanda cha chini aliniona nimeegemea nikipunga upepo, tunakaribia Kaliua.

"Mwanangu, funga hilo. Weka na ule ubao."

"Joto, mama."

"Joto utalivumilia. Simu utainunua kwa nini?"

Ubao unasimamishwa wima kwenye mkondo wa dirisha, ili mtu wa nje asiweze kulisukuma likafunguka. Kama chumba chako hakina, mwombe mhudumu wa behewa kabla ya jua kuzama, maana baadaye kila chumba kitakuwa kinautafuta. Hii nayo ni hoja ya kitanda dhidi ya kiti: kwenye chumba kilichofungwa kwa ndani unalala. Kwenye kiti unalinda.

Kukata tiketi

Dodoma iko katikati ya njia, na vitanda vingi vinakatwa tangu mwanzo wa safari. Nenda stesheni ya zamani mapema, ukiwa na kitambulisho, na uulize vitu vitatu kwa mpigo: siku za treni wiki hiyo, saa inayotarajiwa kufika hapa, na vitanda vilivyobaki kuanzia Dodoma. Ukiambiwa vimeisha, uliza pia kuhusu wanaoshukia Dodoma. Wapo kila safari, na vitanda vyao haviwezi kwenda vitupu mpaka Kigoma.

Wiki mbili za mwisho wa Desemba watajitokeza vijana nje ya dirisha wakisema wana tiketi ya kulala. Tiketi yenye jina la mtu mwingine na nyongeza juu ya nauli imeshapita bei ya basi, na ukikaguliwa ni wewe utakayeshushwa. Bora ukate kiti halali. Ukikosa na hicho, stendi ya Nanenane iko palepale.

Siku ya safari piga simu stesheni kabla hujaita bajaji. Treni iliyochelewa saa sita ni bora uisubirie nyumbani, maana benchi la stesheni lenye watoto watatu wanaoomba soda lina gharama yake.

Ukirudi kutoka Kigoma, kumbuka kwamba usiku unakuja kwanza, hivyo kitanda kikatie kulekule Kigoma, ambako treni inaanzia na nafasi ni nyingi. Na kama umenunua dagaa na migebuka ya kuleta Dodoma, ilipie iende behewa la mizigo. Ukiipandisha chumbani, wenzako watano watahakikisha hulali kwenye kitanda hicho ulichokitolea hela.